Sistimu Ndiyo Iliyokosea

Nikisikia mtu popote, benki au hospitali, akimwambia mteja kwamba sistimu imegoma, mkono wangu wa kushoto unauma. Sipambi maneno. Mfupa uliunganishwa vibaya, na siku za mvua au za hasira unavuta. Na hasira mimi sikuzikopa kwa mtu. Nimezaliwa nazo Magomeni, kwa mama aliyekuwa anachapa kwanza halafu ndiyo anauliza nani kavunja sahani.

Wakati huo nilikuwa opereta wa sistimu kwenye ofisi moja ya mizigo Kariakoo, mtaa ambao ukisimama kufunga kiatu unagongwa na mkokoteni na kutukanwa juu yake. Wafanyabiashara wa mikoani wakinunua bidhaa walikuwa wanatuachia mizigo stoo huku wakiendelea kuzunguka madukani. Tunaubandika mzigo stika, unaingia kwenye kompyuta, wanaenda zao. Wakirudi kuuchukua, karani anaiskani ile stika, kompyuta inaandika umetoka saa ngapi na umetolewa na nani. Hiyo ndiyo biashara yote.

Watu wanadhani opereta ni mtu wa kukaa kwenye kiyoyozi anachati. Thubutu. Mimi ndiye niliyekuwa nahakikisha seva zinapumua, umeme ukikatika jenereta inapokea, kumbukumbu za siku zinahifadhiwa na mahali pa pili, na kila karani ana jina lake na paswedi yake. Ikienda vizuri hakuna anayejua kama upo. Ikiharibika unatukaniwa mpaka bibi yako aliyeko kaburini.

Chumba changu kilikuwa nyuma ya ukumbi wa kaunta, chumba kidogo kisicho na dirisha, mlango wa chuma. Bosi wetu alikuwa mzee wa Kiarabu ambaye babu yake alianza na duka la kanga mtaa huohuo, na yeye mwenyewe hakuwahi kuishi kwingine. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanipeleka mpaka kwenye ule mlango.

"Binti yangu, mali za watu wote ziko humu," akasema. "Hata mimi nikifia hapa kizingitini, usifungue."

Nikamwambia sawa, mzee. Nilidhani anatania.

Mle ndani nilikuwa na skrini za kamera, na kipaza sauti kilichounganishwa na spika za ukumbini, kwa sababu mtandao ukikatika mimi ndiye niliyetakiwa kuwatangazia wateja wavumilie. Na ile televisheni kubwa ya ukumbini, inayoonyesha namba za mizigo iliyo tayari, niliiendesha kutoka humo humo. Kwa hiyo kila kitu nilikiona na kila mtu alinisikia, lakini uso wangu wateja wengi hawakuujua. Waliniita dada wa sistimu, na walikuwa wanaitamka hiyo sistimu kama jina la ugonjwa.

Na sikuwalaumu. Makarani wetu walikuwa wameshaifanya sistimu kuwa jalala. Karani kachelewa kurudi chakula, anamwambia mteja sistimu inasumbua. Kaweka mzigo mahali sipo, sistimu. Hajisikii kunyanyuka, sistimu. Siku moja nilitoka chumbani nikamwambia mmoja wao mbele ya foleni nzima, "Sistimu ni nzima kuliko wewe." Alininunia mwezi mzima na mimi nikamnunia vilevile. Nilichukia ile sentensi kwa roho yangu yote. Mimi usiku mzima naiota mashine isizimike, halafu mtu anasingizia mashine yangu kwa uvivu wake.

Ila lililokuwa linanitia presha zaidi ni jambo jingine, na hilo lilianza kwa wema. Kulikuwa na karani mmoja, kijana wa watu, mpole mpaka anaudhi. Alikuwa jirani yangu Magomeni, akiswali alfajiri haendi tena kulala, anakuja kazini moja kwa moja. Anafika wa kwanza, anafagia, halafu anazunguka kaunta zote nne anawasha kompyuta na kuzifungua zote kwa jina lake na paswedi yake. Wenzake wakifika na jasho lao wanakuta mashine ziko wazi, wanakaa, wanaanza kazi. Waliita kufunguliwa. "Leo umetufungulia?" "Nimewafungulia." Kama mtu aliyewahi kuamka akawasha jiko, na wewe ukija unabandika tu chungu.

Sasa angalia balaa. Kila mzigo uliotoka pale, kaunta yoyote, mkono wa yeyote, kompyuta iliandika katoa yeye.

Niligomba. Nilibandika karatasi ukutani, nilibadilisha paswedi, nilimfuata uani. Nikamwambia, "Kaka, siku mzigo ukipotea utaitwa wewe."

Akacheka. "Dada, watu wenyewe ndiyo sisi sisi. Nani atanisingizia?"

Nilimweleza bosi. Bosi akasema nisiwacheleweshe wateja, kufunga na kufungua majina kila mara ni foleni mpaka barabarani. Basi nikanyamaza, na mimi kunyamaza ni kazi kubwa kuliko kuendesha seva.

Siku yenyewe ilikuwa ya joto la kuchemsha, na umeme ulikatika asubuhi. Jenereta ilikuwa inanguruma chini ya ngazi, pembeni yake dumu la petroli. Mchana, watu wametoka kuswali adhuhuri, akaja mfanyabiashara mmoja wa vitenge, mama mnene mwenye sauti ya kuuza bidhaa hata akikusalimia. Alikuwa anataka robota lake, basi lilikuwa linamsubiri. Karani wangu yule mpole akaangalia kompyuta. Akaangalia tena. Nilimwona kwenye kamera akikuna kisogo.

"Mama, mzigo wako umeshatoka."

"Umetoka kauchukua nani wakati mimi ndiyo nakuja?"

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mtu mjanja asingelifanya. Badala ya kumpeleka kwa bosi, aliigeuza skrini ili mama ajionee mwenyewe. Alikuwa hana cha kuficha, ndiyo maana. Mama akasoma umetoka saa ngapi. Halafu akasoma jina la aliyetoa. Halafu akasoma kitambulisho kilichokuwa kinaning'inia kifuani kwa kijana.

"Ni wewe," akasema, taratibu kabisa. Kisha akageukia mlangoni, akapaza sauti mtaa mzima ukasikia. "Mwizi."

Wewe usiyeijua Kariakoo utaniambia mbona neno moja tu. Mimi nimelisikia hilo neno tangu nikiwa mdogo na najua linavyofanya kazi. Halina mwenyewe. Likishatoka mdomoni, mtu anayekunja mashuka duka la tatu analiacha shuka, mbeba mizigo anatua gunia, na wanakuja wakiwa wameshakasirika, bila kujua kaibiwa nani wala nini.

Ngumi ya kwanza ilimpata sikioni. Ya pili sijui ilipita wapi, nilichoona kwenye kamera ni kichwa chake kikirudi nyuma na damu ikiruka kwenye kioo cha kaunta. Wakamvuta juu ya kaunta kwa shati. Wakamkanyaga. Mtu mmoja aling'oa kiti cha chuma akampiga nacho usoni, na nilisikia ule mlio kupitia mlango wangu mzito, mlio mkavu, ambao mpaka leo nikipasua nazi unanijia. Na hakupiga kelele. Alikuwa anasema, "Jamani, jamani," kama mtu anayeomba njia.

Damu ilinichemka mpaka nikawa sioni vizuri. Nilishika kitasa. Nikakumbuka ya bosi, usifungue. Nyuma yangu seva zinanguruma na mali za watu wote ziko humo.

Kijana aliponyoka. Sijui alipata wapi nguvu, alitambaa katikati ya miguu ya watu akaja moja kwa moja kwenye mlango wangu, kwa sababu kwenye jengo lile mlango wa chuma ulikuwa mmoja. Akaugonga kwa kiganja. Hakuita jina langu, aligonga tu.

Nikafungua.

Nilimkamata kola kwa mkono wa kulia nikamvuta kwa nguvu zote nilizonyonya kwa mama yangu. Wa kushoto nilikuwa nimeushikiza kwenye fremu nisianguke. Yeye akaingia mpaka magotini, nikamburuta, na watu wakausukuma mlango kwa pamoja. Mlango wa chuma ukaubana mkono wangu kwenye fremu. Nilisikia mfupa ukivunjika kabla sijasikia maumivu. Nikampiga teke mtu nisiyemjua, mlango ukalegea kidogo, nikauchomoa mkono, nikaurudisha mlango kwa mgongo na kusukuma komeo. Halafu nikatapika pembeni ya kiti.

Yeye alikuwa amelala sakafuni. Jicho lake la kushoto lilikuwa halitazamiki. Nilimfunika kwa mtandio wangu, sikuwa na kingine. Nje walikuwa wanaupiga mlango kwa nondo, na kila pigo rangi ilibanduka upande wangu.

Halafu wakaacha kupiga, na hilo ndilo lililonitisha. Niliangalia kamera ya ngazini. Mtu alikuwa anabeba lile dumu la jenereta.

Petroli ilianza kuingia chini ya mlango polepole, ikanyonywa na mtandio. Ile harufu ikanipanda puani. Chumba hakina dirisha, mashine zimejaa umeme, na nje nasikia mtu anaulizia kiberiti kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anataka kuwasha sigara. Wallahi nilikojoa. Na nilikuwa na hasira kuliko woga. Nilikuwa nimewakasirikia wao, na yeye aliyelala pale, na wema wake wa kipumbavu wa kuwafungulia watu mashine.

Kazi yangu ikanijia mkononi yenyewe. Mkono mmoja nilikuwa nao mzima. Nilitafuta kwenye kompyuta ule mzigo ulitoka saa ngapi na kaunta ipi. Saa ya adhuhuri, kaunta ya tatu. Nikarudisha picha za kamera mpaka saa hiyo. Kamera ya uani ikamwonyesha karani wangu amechuchumaa bombani anatia udhu, kakunja suruali, kofia kaiweka begani. Kamera ya ukumbini ikaonyesha kaunta ya tatu, na aliyekaa pale ni binti mmoja mgeni kazini, hata mwezi hajamaliza, anamkabidhi mtu mwingine robota. Palikuwa na marobota mawili sakafuni, yamefungwa sandarusi ya rangi moja. Kaskani hili badala ya lile. Mteja naye alikuwa na haraka, kabeba kaondoka. Hakuna mwizi pale. Kuna binti aliyekosea na mtu asiyeangalia, na mashine iliyofunguliwa kwa jina la mtu mwingine.

Nikaziondoa namba kwenye televisheni ya ukumbini, nikaweka ile picha ya bombani. Nikawasha kipaza sauti.

"Angalieni juu," nikasema. Sauti yangu ilitoka kwenye spika ikiwa nene, hata mimi sikuijua. "Mzigo umetoka saa hiyo mnayoiona kwenye kona ya picha. Na huyo mnayetaka kumchoma alikuwa bombani anatia udhu. Mwangalieni."

Waliangalia. Niliwaona wakinyanyua vichwa, hata yule mwenye dumu. Mtu anayetia udhu ana namna yake ya kuinama, wengi wao walikuwa wametoka kufanya hivyohivyo muda si mrefu. Ukumbi ukatulia.

Kisha yule mama wa vitenge akauliza, na swali lake lilikuwa la haki kabisa. "Basi nani katoa mzigo wangu?"

Kwenye skrini yangu ya pili nilikuwa na jibu. Kubonyeza mara moja tu, sura ya yule binti ingetokea ukutani kubwa kama mlango. Nikamtafuta kwenye kamera. Alikuwa ukumbini kati yao, amejibanza kwenye nguzo, kitambaa cha kichwa kimemlegea, macho kwenye televisheni. Alikuwa ameshajua, na alikuwa anasubiri. Na nyuma yake, kwa bahati mbaya tu, amesimama yule aliyeshika kile kiti cha chuma.

"Nani?" wakaanza kuitikia. "Mtaje. Mtaje."

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Sitajifanya malaika, nilimtazama yule binti na nikamchukia kwa sababu hakuwa anasema. Halafu nikasikia karani wangu anapumua pale chini, anakoroma kwa damu. Nikaona kwamba nikimtaja sitakuwa nimemaliza kitu, nitakuwa nimewabadilishia tu mtu wa kuua.

Nikasema ile sentensi.

"Ni sistimu," nikasema. "Hakuna aliyetoa. Sistimu ndiyo iliyokosea."

Kwa siku zote tulizowadanganya nayo, sentensi hiyo waliiamini papo hapo. Nilisikia ukumbi mzima ukiguna, guno la watu waliokuwa wanajua siku nyingi. Lakini hasira ilikuwa imeshawapanda na haikuwa na pa kwenda, na petroli ilikuwa bado mlangoni.

Aliyetuokoa ni bosi. Alikuwa amesukumwa ukutani muda wote, kanzu imechanika bega, mdomo unavuja damu. Nilimwona akijipenyeza mpaka kaunta ya kwanza. Akaibeba kompyuta kwa mikono miwili, mzee yule na umri wake, akainyanyua juu ya kichwa na kuipiga chini.

"Mmesikia," akasema. "Ni hii. Inatusumbua siku zote. Vunjeni."

Wakavunja. Walivunja kaunta, vioo, kompyuta, spika, na televisheni yenyewe iliyowaonyesha ukweli. Walivunja mpaka hakukubaki kitu kizima, na kila aliyevunja alikuwa anatukana sistimu. Bosi alisimama katikati akiwapa yeye mwenyewe vitu vyake. Alimpokonya mtu dumu akalitoa nje, na hakuna aliyemzuia, walikuwa na shughuli. Yule binti nilimwona anatoka kwa mlango wa uani akikimbia peku. Askari walipofika watu walikuwa wameshatawanyika, na mama wa vitenge alikuwa amekaa kwenye ngazi analia, sijui alikuwa anamlilia nani.

Robota lilirudi lenyewe. Aliyelibeba alilifungua huko mkoani akakuta vitenge wakati yeye alinunua mashuka, akapiga simu akiwa kanuna, anauliza hii ofisi yetu ni ya watu gani. Bosi alimwomba radhi akamwambia ilikuwa ni sistimu.

Karani alipoteza lile jicho. Mimi nikapata huu mkono. Binti alikuja kwetu Magomeni siku moja, akakaa ukingoni mwa kiti, akasema, "Dada, ulikuwa umeniona." Nikamwambia ndiyo. Akalia. Nikamwacha alie, sikumbembeleza hata kidogo, na alipomaliza nilimwambia arudi kazini.

Ofisi ikafunguliwa tena. Kompyuta mpya, kaunta mpya, kila mtu paswedi yake, na safari hii bosi mwenyewe alisema atakayetumia jina la mwenzake aende kwao. Asubuhi ya kwanza niliwahi, mkono ukiwa kwenye plasta. Nikakuta pameshafagiwa. Kompyuta zote nne zinawaka. Nikaangalia ya kwanza, nikaangalia ya pili, nikaenda mpaka ya tatu. Jina lake. Jina lake. Jina lake.

Alikuwa amesimama na ufagio, anatabasamu upande mmoja wa uso, ule unaofanya kazi.

"Nimewafungulia," akasema. "Foleni itakuwa kubwa leo, dada, na wewe bado unauguza mkono."

Nikampiga kofi. Nilimpiga kwa nguvu, upande wa jicho lililokufa, kwa hiyo hakuliona likija. Ufagio ukaanguka. Binti wa kaunta ya tatu alikuwa anaingia mlangoni, akasimama palepale.

Watu wa nyumbani nilipowasimulia walisema nikamwombe radhi, mtu mgonjwa yule. Sikwenda. Nilimpiga kwa sababu nilikuwa nimeshamvuta mara moja kwenye ule mlango na mkono wa kumvutia tena sina.

Alijishika shavu kwa muda. Halafu akazunguka, kaunta moja baada ya nyingine, akilitafuta kila kiti kwa mkono kabla ya kupita, akafunga jina lake kwenye ya nne, na ya tatu, na ya pili. Kwenye ya kwanza akakaa. Yule binti akaenda kwenye mashine yake, akaandika jina lake mwenyewe kwa kidole kimoja, taratibu, na wateja wakaanza kuingia.